Katekista na Nzagamba

Fomu ya ruhusa ya kiwanda cha chai ina nafasi ya kuandika uhusiano kati ya mfanyakazi na mgonjwa. Kwa maelezo yaliyochapwa chini yake, binadamu anaruhusiwa kuuguliwa na watu wa aina nne tu: mzazi, mwenzi, mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Leokadia Bujiku, fundi wa mashine za kukaushia chai, alisimama na kalamu pale ofisini Igowole akitafuta mahali pa kumweka mtawa wa miaka sabini na mmoja ambaye aliwahi kupigana naye vita kwa maroboti. Mwishowe akaandika "mama".

Karani, dada mmoja Mlutheri aitwaye Gloria, akasoma jina la mgonjwa, Sista Veneranda. Akasoma neno "mama". Akagonga muhuri.

"Kanisa lenu lina mambo," alisema.

Simu ilikuwa imetoka kwa Sista Sabina, mkuu wa nyumba ya watawa upande wa Tosamaganga. Sista Veneranda ana kidonda cha kisukari mguu wa kushoto. Vidole vimekuwa vyeusi. Daktari anataka kukata chini ya goti kabla ya Ijumaa, na mgonjwa hataki. Padri ameongea naye. Ndugu zake wamekuja kutoka Mbeya wakaongea naye. Wote amewasikiliza kwa adabu, kisha akawauliza kama wamekula.

"Anakutaja wewe," alisema Sista Sabina. "Anasema habari za miguu anazijua Leokadia. Wewe ni daktari?"

"Hapana, Sista. Mimi ni fundi wa mashine."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Habari za miguu zilianza Desemba 2006. Leokadia alikuwa kidato cha tatu katika shule ya masista. Baba yake, mzee Bujiku, aliyekuja Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani, mwaka huo alikuwa akiwahamisha tena kwenda kusini, na barua yake ilisema tu: usitoke hapo, tukifika tutakuambia tumefika wapi. Wasichana wengine wakafunga masanduku wakaondoka. Bweni zima likabaki na Leokadia na popo.

Sista Veneranda alifundisha fizikia na kutunza chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa sita, zawadi ya parokia moja ya Italia iliyokuwa imezichoka. Mbili ziliwaka. Siku moja, akitafuta mahali pa kuandikia ripoti za muhula, Sista alifungua faili asiyoijua na kukutana na mtu wa chuma mrefu kama mnara wa kanisa, ana mizinga badala ya mikono. Mtoto wa mwenye kompyuta alikuwa amesahau kuufuta mchezo wake. Mtawa mwingine angeufuta. Sista Veneranda alikwenda kutafuta kamusi ya Kiitaliano.

Baada ya wiki moja walikuwa wameunganisha kompyuta mbili kwa waya na wanapigana kila siku baada ya chakula cha mchana, mlango umefungwa, mkuu wa shule akiamini kwamba yule binti wa Usangu anafundishwa kuchapa.

Kila mmoja alikuwa na roboti lake. La Leokadia lilikuwa na tani mia moja na mizinga miwili juu ya mabega kama pembe, akaliita Nzagamba, yaani dume la ng'ombe kwa Kisukuma. La Sista lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, lina magoti yaliyokunjikia nyuma kama ya kuku. Akaliita Katekista. "Linatembea sana, linabeba kidogo, na hakuna anayelishukuru," alieleza.

Mchezo ulikuwa na sheria moja kubwa, sheria ya joto. Kila ukifyatua mizinga, joto la roboti lako linapanda, na kipimo pembeni ya skrini kinatoka kijani kwenda njano, njano kwenda nyekundu. Kikijaa, mashine inajizima yenyewe, nawe unakaa humo ndani kama mtu aliyefungiwa chooni, ukisubiri adui aje akumalize. Sista aliipenda sana sheria hiyo. Alisema ndiyo sehemu pekee ya mchezo iliyoandikwa na mtu aliyesoma fizikia.

Leokadia alipenda miguu. Aligundua mapema kwamba huna haja ya kupiga kifua chenye chuma kinene. Piga goti tu, roboti linachechemea, halafu unalizunguka polepole.

"Unampiga mwenzio mguu, Leokadia?" Sista alilalamika. "Mungu anakuona."

"Ni roboti, Sista."

"Na roboti anakuona."

Sista alishindwa mara arobaini na moja. Walikuwa wakiandika kwa chaki nyuma ya ubao. Mara ya arobaini na mbili ilikuwa Januari, siku ambayo Sista alirudi saa tisa alasiri kutoka kumzika mama yake. Hakupita nyumbani kwa masista. Aliingia chumba cha kompyuta, akakaa bila kuvua koti, akawasha.

Leokadia, kwa mazoea, alipiga goti. Katekista akaanza kuchechemea, akiburuta mguu uliokatika, akifyatua kibunduki chake ambacho kingefaa kufukuzia nyani shambani. Msichana akaangalia juu ya skrini, akaona kilemba kimekaa upande na uso ambao haukuwa umelia bado. Akaondoa kidole kwenye kitufe. Nzagamba akasimama katikati ya uwanja kama ng'ombe anayenyeshewa, akapigwa, akapigwa, mpaka akaanguka.

"Joto, Sista," alisema Leokadia. "Limezidi, likazima."

Sista alizunguka meza kuja kuiangalia maiti ya Nzagamba, iliyokuwa imeganda kwenye skrini. Aliinama, akaiangalia. Kisha akacheka, na katikati ya kucheka akalia, na Leokadia akaenda kuchemsha chai.

Hadithi hiyo ilizunguka miaka kumi na tisa. Kila kidato kilichopita kiliisikia kwa Sista, katika somo la mizani na uzito: roboti la mguu mmoja lililoangusha tani mia. Leokadia mwenyewe aliisikia kwenye simu kila Krismasi. Kompyuta zile ziliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aliwahi kuutafuta mchezo kwenye simu yake, akapata maroboti mapya yanayong'aa, yanayoongea, yanayoruka. Hayakuchechemea. Akayafuta.

Hospitalini alimkuta Sista amekaa kitandani, amefunikwa shuka hadi kiunoni, amepungua kiasi kwamba kitanda kilionekana kimeazimwa kwa mtu mkubwa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Sista."

"Milele amina. Marahaba. Umenenepa. Kiwanda kinakupa chakula au mnakula majani?"

"Tunakula, Sista."

"Umekuja kunipiga mguu tena."

Leokadia alikuwa amepanga maneno tangu Igowole. Wakaongea habari za Katekista badala yake. Sista alikumbuka jinsi alivyokwama mtoni siku ya kwanza na kupigwa risasi akiwa anasoma kamusi. Leokadia alikumbuka sauti ya Nzagamba akikanyaga, ile dum, dum, mpaka vikombe vikitikisika. Vikombe havikuwahi kutikisika, spika zilikuwa mbovu, lakini wote wawili walivikumbuka.

"Nilizaliwa na miwili, Leokadia," Sista alisema baadaye. "Nataka nimrudishie mwenyewe miwili. Nani anarudisha kitu cha watu kimepungua?"

"Katekista alishinda na mmoja."

Lilimtoka kabla hajalipima. Nje nesi alikuwa akigombana na mtu aliyeleta mkungu wa ndizi wodini.

"Niambie kweli," alisema Sista. "Siku ile. Uliniachia?"

Leokadia aliona wazi mahali aliposimama. Akisema ndiyo, hakuna roboti la mguu mmoja lililowahi kumshinda mtu, na mwanamke huyu ataoza polepole hadi kufa akiwa na miguu yote miwili. Akisema hapana, anamdanganya mtawa kitandani kwake.

"Hapana, Sista. Ilikuwa joto."

Sista alimwangalia kama alivyokuwa akiangalia karatasi mbili za mtihani zenye makosa yanayofanana.

"Basi mwite daktari alete hiyo karatasi yake."

Alikatwa Alhamisi. Aliamka vizuri, akanywa uji, akauliza kama mguu umezikwa kwa heshima au umetupwa tu. Ulikuwa umezikwa. Leokadia akarudi kazini Ijumaa, kwa sababu ruhusa ya mama ilikuwa ya siku tatu. Jumapili alfajiri moyo wa Sista ulisimama. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, kabla ya mguu. Aliwekwa kwenye makaburi ya masista Jumanne. Mguu ulikuwa umemtangulia kwa siku tano.

Leokadia alisimama nyuma ya wanafunzi na hakuimba. Sista angeweza kufa na miguu yote miwili. Ndicho alichokitaka, na alikuwa amekisema kwa Kiswahili rahisi.

Watu walipoanza kutawanyika, Sista Sabina alimvuta pembeni.

"Jumamosi aliongea sana. Alikuachia maneno, lakini nadhani homa ilikuwa inampanda. Alisema, Leokadia akija, mwambie kipimo kilikuwa kijani."

"Mimi nikamwita nesi," aliendelea Sista Sabina. "Akampima. Thelathini na saba. Sasa sijui kijani gani. Ni dawa?"

"Siyo dawa, Sista," alisema Leokadia. "Alisema kingine?"

"Alisema alikiona siku ile ile, alipozunguka meza. Nikamwuliza, sasa kama ulikiona mbona umesaini? Akasema, amesaini hivyo hivyo, mtoto ametoka mbali." Sista Sabina alimtazama, kama mtoto anayengoja mtu mzima amweleze. "Meza ipi, Leokadia?"

Leokadia alifungua mdomo amweleze. Kwanza ingebidi aeleze maroboti, na kabla ya maroboti kompyuta, na kabla ya kompyuta likizo ile na ng'ombe wa baba yake. Wanafunzi walikuwa wanapita kwenda kula wali.

"Meza ya shuleni," alisema. "Alikuwa ananifundisha kuchapa."