Daktari Mwenye Kipara

Yule daktari mwenye kipara ni mimi.

Kwa miaka mingi nimewafundisha madaktari wanaosomea radiolojia hapa Eldoret, yaani kazi ya kusoma picha za ndani ya mwili. Kila mwaka, katika wiki yao ya kwanza, nimewasimulia habari za daktari mmoja ninayemjua ambaye aliona kifua kikuu mahali palipokuwa na nywele za kusuka. Rasta za mgonjwa zilikuwa zimelala begani alipopigwa picha, zikaangusha kivuli juu ya pafu, naye daktari akaandika TB. Nilimfanya mwanamume, nikampa kazi katika hospitali ya mbali. Mwaka mmoja darasa likauliza inawezekanaje mtu asome mpaka hapo na asijue rasta. Nikamnyoa kichwa palepale.

"Ana kipara," nikasema. "Mambo ya nywele angeyajulia wapi?"

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo daktari wangu hakuota hata unywele mmoja.

Ukweli ni kwamba siku niliyoandika ripoti ile mimi mwenyewe nilikuwa nimesuka rasta za kufika mgongoni. Nilikuwa nimezikalia saluni Jumamosi nzima.

Ningestaafu na siri hiyo kama si mwanafunzi wangu mmoja. Ni daktari aliye mwaka wa mwisho wa masomo haya, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa upande wa ziwani. Huniita Prof, ingawa chuo hakijawahi kupatwa na wazo hilo. Utafiti wake unauliza jambo dogo: je, daktari anayejifunza akionyeshwa makosa halisi ya wakubwa wake, atasoma picha vizuri kuliko yule anayeonyeshwa magonjwa yaliyo wazi kama ya kitabuni? Kwa hiyo alipita ofisi baada ya ofisi akimwomba kila mkubwa amletee kosa lake moja.

"Umepata mangapi?" nikamuuliza.

"Prof, wakubwa hawajakosea," akasema bila kutabasamu. "Kila mtu anamjua daktari mmoja. Ukiuliza ni nani, amehama, ama ni marehemu. Nikijumlisha naona hii Eldoret ilikuwa na daktari mmoja tu wa kukosea, na alifanya kazi kila hospitali."

Nikacheka. Nilicheka kidogo kuliko kawaida yangu.

"Lakini huyo wako namtaka sana," akaendelea. "Yule wa kipara. Nipe namba yake."

"Hatapenda."

"Nitamwomba kwa heshima. Nitampelekea hata kofia."

Akafungua kompyuta anionyeshe sehemu nyingine ya utafiti. Siku hizi kuna programu inayopitia picha za kifua ikitafuta dalili za TB, nayo huzungushia mraba mwekundu pale inaposhuku. Alikuwa ameipa picha ya mwanamke aliyekuja na rasta zake begani. Mraba ulikuwa umekaa sawasawa juu ya nywele.

Furaha niliyoipata haikustahili mtu wa umri wangu. Mashine iliyofundishwa kwa picha nyingi kuliko nitakazoziona maisha yangu yote, imekosea kama mimi!

"Naona hii nayo ina kipara," mwanafunzi wangu akasema.

Hapo kicheko kikaniishia. Mashine ilikuwa na udhuru wake, kwa sababu haijawahi kukaa saluni. Na kosa lake lilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, kila mtu akiliona. Halikuwa limesingiziwa mashine nyingine ya mbali.

"Funga mlango," nikamwambia.

Nikamweleza yote, pamoja na kipande ambacho hata mwenye kipara sikuwahi kumbebesha.

Mgonjwa alikuwa mwanamke, mpishi wa shule ya msingi ya bweni huko Turbo, amekohoa wiki tatu. Makohozi yake yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Lakini mimi niliona kivuli juu ya pafu la kulia, na wakati huo neno langu lilitosha. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Shule ikamtoa jikoni wiki hiyohiyo, ikampa kazi ya kufagia ua.

Alipomaliza dawa akarudi kupigwa picha nyingine, amenyoa kichwa. Nilizitundika picha zote mbili kwenye kisanduku cha taa, ya kwanza na ya pili. Kivuli kilikuwa kimetoweka. Mpiga picha aliyesimama nyuma yangu akasema, "Dawa imeshika, daktari." Ndipo nikaitazama tena ile ya kwanza, nikaona jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja angeliona. Kivuli hakikuishia kwenye pafu. Kilipanda, kikavuka mtulinga, kikapita kando ya shingo hadi nje ya mwili, kimejisokota kama kamba ya katani. Pafu halifiki sikioni. Mara ya kwanza jicho langu lilikuwa limetumwa kutafuta ugonjwa ndani ya pafu, likaupata, likarudi nyumbani kupumzika.

Niliandika: "Amepona vizuri."

Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Wiki iliyofuata akaniachia mapokezi maharagwe ya kujaa gorogoro, ule mkebe wa kupimia wa kilo mbili. Niliyala. Yalikuwa matamu.

Mwanafunzi wangu akauliza swali moja tu.

"Anajua hakuugua?"

"Hajui."

"Basi Prof, utafiti wangu ungoje. Kwanza aambiwe."

Nakiri nilitarajia aseme kwamba utafiti hauhitaji majina, tuendelee. Lakini alikuwa sahihi, tena kwa sababu mbili: mgonjwa alikuwa na haki ya kujua, na picha yenyewe hatukuwa nayo. Zamani mgonjwa alienda nyumbani na picha yake ndani ya bahasha kubwa ya kaki, hospitali ikabaki na daftari tu. Picha ilikuwa kwake. Ningeendaje kumwomba picha ya ugonjwa aliosingiziwa, bila kumwambia kwamba alisingiziwa?

"Nikutafutie?" akauliza.

"Hapana. Nitamtafuta mwenyewe."

Rafiki yangu mmoja, daktari wa rika langu, aliposikia alinishangaa. "Mambo ya kale hayo. Unafukua kaburi halafu utalalamika harufu? Atakushtaki huyo."

"Ana haki," nikamwambia, na sauti yangu ikanidanganya kwamba siogopi. Siku hiyohiyo niliuandikia uongozi wa hospitali barua, nikaeleza kosa na jina la mkosaji. Niliipeleka kwa miguu yangu ili nisipate nafasi ya kuifuta.

Kumpata hakukuwa rahisi. Namba ya simu iliyokuwa daftarini ilikuwa imehamia kwa mwendesha bodaboda, ambaye alisikiliza maelezo yangu yote kisha akauliza kama nataka kubebwa. Kwa hiyo Jumamosi moja nilienda Turbo, mpaka ile shule. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, lakini akanipeleka jikoni kwa mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi pale tangu wakati ule.

"Aa, yule wa kifua!" akasema mara moja.

Jina lake lilikuwa limebaki hivyo jikoni, miaka yote hii, kwa sababu ya mistari miwili ya ripoti yangu.

"Alikuwa mtu mzuri," akaendelea akichagua mchele. "Tulimtengea kikombe chake, cha bluu, na sahani. Mtu hangemlaumu mwenzake, kuna watoto hapa. Hata akienda alienda nacho. Siku hizi ako Moi's Bridge, ananunua mahindi kwa wakulima. Na amenona! Huwezi mjua."

Namba alikataa kunipa, na alifanya vema. Ila alikubali kumpelekea yangu.

"Nimwambie ni nani anamtafuta?"

"Mwambie ni daktari aliyesoma picha yake."

"Yule alimponya?"

"Yule aliyesoma picha yake," nikarudia.

Nilingoja siku tano. Kila simu ilipolia niliandaa hotuba, na kila siku hotuba ilizidi kuwa na maneno makubwa. Siku ya sita, saa nne asubuhi, tulikuwa chumba cha kusomea picha, mimi na mwanafunzi wangu, namba nisiyoijua ilipopiga. Nilisikia kwanza mngurumo wa mashine ya kupukuchua mahindi.

"Ni daktari?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Ngoja nitoke kwa hii mashine." Mngurumo ukapungua. "Nimeambiwa unanitafuta. Imerudi?"

Ilinichukua muda kuelewa anauliza nini. Mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka yote akiingojea TB irudi.

"Haijarudi, Mama. Haikuwako."

"Ati nini?"

Hotuba ilinipotea yote. "Zilikuwa nywele zako," nikasema. "Rasta zako zilikuwa begani, nikazisoma kama ugonjwa. Uliporudi umenyoa nikaona kosa langu, nikanyamaza. Halafu nikawa nawaambia wanafunzi kwamba ni daktari mwingine aliyekosea. Mwanamume mwenye kipara."

Trekta likapita upande wake, likaenda zake.

"Unajua kwa nini nilinyoa?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Hakuna mtu alikubali kunisuka. Kusukwa unamkalia mtu miguuni siku nzima, anakupumulia na wewe unampumulia. Nani atakubali na kifua? Nikanyoa mwenyewe, na wembe."

Nikaikumbuka ile Jumamosi yangu nzima saluni.

"Kwa hivyo hata siku moja sikuugua."

"Ulikuwa na kikohozi cha kawaida. TB, hata siku moja."

"Na ile maharagwe nilileta, ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Alitoa sauti fulani puani. Sikuweza kujua kama ni kicheko, na sikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia mahali anapoweza kupeleka malalamiko, na kwamba barua yangu tayari iko huko. Kisha nikamwomba picha, nikamweleza itawasaidia madaktari wanaojifunza, na kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu.

"Iko juu ya kabati, kwa bahasha yake. Kila hospitali naenda nayo." Akafikiri. "Hiyo barua nitaifuata, usidhani imeisha. Picha nitaleta mimi mwenyewe. Nitakuwa nimesuka, nikae mbele kabisa. Na wewe uwaambie ni nani aliisoma. Nikisikia mambo ya kipara, nachukua picha yangu naenda."

"Utasikia jina langu. Jumatatu?"

"Jumatatu napokea mahindi. Jumanne."

"Jumanne," nikasema, na mwanafunzi wangu akaandika.

Nilidhani atakata simu. Hakukata. Labda aliiteremsha tu mkononi, kwa maana nilimsikia akiita mtu amletee chai. Sauti ya msichana ikajibu kutoka mbali, kisha ikakaribia.

"Hicho wacha," mama akasema. "Leta kingine."

"Lakini Mama, chako si hiki cha bluu?"

"Najua ni changu. Nimesema leta chochote."