Nilipoomba Flashi

Mama yangu huniita kwa kuflashi. Madaktari walimpasua koo, ugonjwa ukatoka, sauti nayo ikaondoka bila kuaga, na tangu hapo akinihitaji hupiga simu, ikalia kidogo, akakata. Sisi wa upande wa Kenya wa Busia tunaita hivyo, kuflashi. Ukivuka mpaka tu, watu wa Uganda wanaita kubipu, lakini maana ni ile ile: sitasema kitu, wewe jua mwenyewe. Flashi moja ni chakula kiko tayari. Zikifuatana, nimefanya ujinga fulani na ameshauona.

Zamani hakuhitaji simu kunisema. Mama alikuwa mtu wa maneno tangu kuamka kwake. Alinigombeza akiwa jikoni, nikamsikia sebuleni, na jirani akaja kunipa pole. Mimi nikawa nanung'unika. Siku hizi nyumba ikinyamaza natamani kugombezwa hadi kifua kinaniuma, wala sioni haya kulisema hapa.

Basi mpwa wangu akaposwa. Ni binti wa dada yangu, yule aliyeolewa Tororo, huko Uganda, kwa watu wa malori. Katika familia yetu binti hatoki nyumbani bila neno la bibi yake, mama wa mama. Wengine wote wanaweza kuhutubia, lakini neno la mwisho, lile la kumtoa mlangoni, ni la bibi. Na bibi mwenyewe ndiye huyu wa kuflashi. Mpwa akanipigia, akaniambia amekumbuka kitu alichosimuliwa na mama yake: kwamba wazazi wake walipooana, mimi nilitengeneza ukurasa wa mtandao, na ndani yake bibi alikuwa anaongea.

"Mjomba, nitumie kwa simu," akasema. "Nataka bibi aniage kwa sauti yake. Sitaki mtu amsemee."

Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya dakika moja. Ole wangu na dakika hiyo.

Hapa lazima nieleze jinsi nilivyokuwa mtu mkubwa. Enzi zile nilikuwa na cyber pale Busia, kompyuta zenye skrini za mgongo mnene, foleni hadi nje, na mimi ndiye niliyejua flashi. Si flashi ya mama, na si ile ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta kubeba mafaili. Flashi yangu ilikuwa ile teknolojia ya kufanya ukurasa wa mtandao ucheze: herufi zinaingia zikizunguka, ngoma inalia, picha zinapepea. Ukurasa usiorukaruka tuliuhesabu mgonjwa. Niliwafundisha vijana wa mjini kwamba siku moja mtandao wote utakuwa flashi tupu, na nikawaambia kwa sauti ya mtu aliyeshauriwa na dunia kabla haijaamua. Dunia ilinisikiliza, kisha ikashika njia yake.

Kwa harusi ya dada nilijimaliza. Kulikuwa na majina yanayometameta, na njiwa wawili niliowachora mwenyewe. Wageni wengi waliwasifu wakidhani ni bata. Katikati niliweka kibuyu. Ukipitisha kipanya cha kompyuta juu ya kibuyu, bila kubonyeza, mama anaanza kuongea. Kubonyeza niliona ni ushamba. Mtu mstaarabu, nilisema, anapitisha tu.

Kumrekodi mama nako kulikuwa kazi. Hakuamini kipaza sauti. Aliuliza ni nani anayemsikiliza huko ndani, nikamwambia ni dunia nzima, akasema dunia nzima haijamsalimia. Mwishowe dada akakaa mbele yake, mama akamwambia yeye maneno yake, nami nikayateka.

Miaka imepita. Cyber imekuwa kibanda cha kuchapa karatasi za madereva wa malori, ukurasa umeshatoka mtandaoni, lakini nakala ninayo kwenye kompyuta moja ya enzi zile, ambayo mama kila mara hunionyesha kwa kidole, kisha anaonyesha shimo la takataka. Nikaitoa nakala, nikaiweka kwenye simu, nikaifungua. Kikatokea kisanduku cha kijivu. Nikakigusa. Kisanduku kikabaki kijivu. Nikajaribu brauza nyingine, hiyo ikaniandikia kwa adabu kwamba kitu hiki hakitumiki tena. Nilikasirika kama nimeandikiwa mimi.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi mafundi wote wa simu wa upande wetu nimewafundisha, au nimewaambia watu kwamba niliwafundisha, kwa hiyo kuwauliza ilikuwa kujivua nguo sokoni. Nikavuka mpaka nikaenda kwa fundi wa Uganda ambaye hanijui. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kioo, skrubu mdomoni. Nikamwekea simu mbele na kumwambia kwa heshima yote ya mtaalamu mwenzake kwamba nataka flashi.

"Naflashi yote?" akauliza. "Hakuna kitu nabaki?"

Nikaona ananidharau. Nikamwambia mimi si mtu wa nusunusu, anipe flashi yote.

Kwa mafundi wa simu, kuflashi ni kuifuta simu mpaka iwe kama imezaliwa leo. Hilo nililijua. Nimelijua miaka mingi, hata mimi hulitumia neno hilo hivyo. Lakini kichwa changu siku ile kilikuwa kimejaa njiwa na kibuyu. Nikanywa chai kibanda cha jirani, na niliporudi simu ilinikaribisha na kuniuliza ningependa lugha gani. Namba zote zilikuwa zimekwenda, picha zimekwenda, nakala ya harusi imekwenda. Fundi akatabasamu, akasema sasa ni nyepesi. Kwa kweli ilikuwa nyepesi.

Nikiwa bado nimeganda, namba nisiyoijua ikaflashi. Nikaipuuza. Ikaflashi tena, na tena. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa mlangoni na simu yake mkononi, chakula kimepoa, na uso ule nilioujua. Nikampa habari yote. Akapiga makofi mara moja, yale makofi ya mama zetu ya kusema haya, leo tumeona.

Nilirudi kwa fundi siku iliyofuata nikiwa mnyenyekevu, nikamweleza habari ya kibuyu tangu mwanzo. Akanihurumia. Akatafuta akaniwekea programu ya kuigiza ile flashi ya zamani, nikaingiza upya nakala niliyoitoa tena kwenye kompyuta ya nyumbani. Lo! Kisanduku cha kijivu kikapotea. Herufi zikaingia zikizunguka, ngoma ikalia, bata wangu wakaruka. Mafundi wa meza za jirani wakaja kutazama. Nikawaambia wangoje, sasa anakuja mama.

Nikagusa kibuyu. Kimya. Nikakigusa kwa nguvu, nikakigusa taratibu, nikakipapasa. Ndipo nikakumbuka sheria yangu mwenyewe: mtu mstaarabu habonyezi, anapitisha tu. Kipanya kinaweza kupita juu ya kitu bila kukigusa. Kidole je? Kidole ama kimegusa ama hakipo. Nikaanza kupunga kidole juu ya kioo bila kukigusa, kwenda na kurudi, kama mtu anayefukuza nzi kwenye uji, na wale mafundi wakanitazama kwa upole unaotolewa kwa wagonjwa. Mama alikuwa amefungiwa ndani ya kibuyu, na aliyefunga ni mimi na ustaarabu wangu.

Haya basi. Mama alikuwa ameshatangulia Tororo kusaidia maandalizi, na harusi iko mlangoni. Nikaiwasha ile kompyuta ya zamani nyumbani, nikapitisha kipanya, na mama akaongea mzima kabisa. Nikaizima haraka kabla sijalia peke yangu. Kisha nikaamua kwa akili zangu zote za cyber: kama sauti haiwezi kwenda kwa simu, basi kompyuta itakwenda Tororo.

Msomaji pengine ameshaona nilichopaswa kufanya pale pale sebuleni. Mimi sikuona. Niliifunga skrini kwa blanketi, nikapanda boda boda nimeikumbatia, na boksi lake, lile lenye mashine yenyewe, likafuata kwa boda ya nyuma. Mpakani afisa wa forodha akaniuliza kama naenda kuiuza. Kabla sijajibu akafunua blanketi, akatazama ule mgongo mnene, akaniambia pole na kunipa ishara nipite. Angenitoza chochote ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia kwa ile pole.

Nilifika kwa dada nikiwa nimepakwa vumbi hadi kope, mwamba wa Tororo ukinichungulia juu ya paa la jirani. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye ungo. Aliponiona na mzigo wangu alishika kiuno. Nikaondoa soda zilizokuwa mezani, nikaunganisha waya, nikawaita watu wote, nikatoa hotuba fupi kuhusu teknolojia. Dada yangu alinikatiza akaniomba niwashe.

Nilikuwa nimesahau kobe. Enzi zile, ili watu wasichoke kungoja ukurasa ufunguke, niliwachorea kobe anayetembea kutoka upande huu wa skrini kwenda upande ule, na chini nikaandika tafadhali subiri. Sebule nzima ikamtazama kobe. Shemeji akataka kupitisha kreti ya soda nyuma ya meza, nami nikapiga kelele asiguse waya. Hapo nikamwona mama anatoa simu kwenye fundo la kanga na kuibonyeza. Nikajua ananiflashi, na kwamba ujinga wangu ameshauona. Nikaitoa simu yangu mfukoni niangalie. Hakukuwa na kitu. Shemeji akasogeza tena kreti, nikafoka tena.

Kobe akafika. Nikapitisha kipanya juu ya kibuyu.

"Mulembe," mama akasema, kutoka kwenye spika, salamu ya kwetu ya kutakia amani. "Mwanangu, unakwenda kwa watu. Ukishiba huko, tukumbuke. Ukilala njaa, rudi, jikoni kwangu kuna moto. Hatukutoi ili tufunge mlango. Mlango hatuufungi." Kisha sauti yake ikageuka, ikawa ile ya kila siku: "Basi. Zima sasa, hiyo mashine inakula stima."

Mama alikuwa amesimama karibu na spika, simu ameinyoosha mbele, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno. Dada alikuwa analia. Mpwa alikuwa analia. Mimi nililia mbele ya shemeji, nikajifuta kwa lile blanketi la skrini. Sikuwa nimejua kiasi nilichomkosa mtu ambaye naishi naye nyumba moja.

Kisha mama akabonyeza simu yake tena, na sauti yake ikatoka kwenye simu. Ilikuwa safi kabisa. Kwanza tukasikia sauti ya mwanamume inayofoka, "Msiguse waya! Nimesema msiguse waya!" halafu, "Mulembe. Mwanangu, unakwenda kwa watu."

Alikuwa ameirekodi. Simu yake yenyewe ile ya kuniflashi, kitufe kimoja, basi.

Dada akafuta machozi akanigeukia. "Sasa kwa nini hukufanya hivi Busia?"

Nikaanza kumweleza habari ya ubora wa sauti. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka.

Siku ya harusi, wakati wa kumtoa binti ulipofika, mshereheshaji aliyekuwa na mazoea ya kusema kila kitu alitaka kutangaza kwamba bibi hawezi kuongea. Mama akamnyang'anya kipaza sauti. Akasimama mbele ya wakwe, mpwa wangu amepiga magoti, akaweka simu kwenye kipaza sauti, na ua mzima ukaambiwa kwanza na mimi usiguse waya. Watu wakaangua kicheko. Kisha mama akaongea, na kicheko kikaisha. Mpwa alimkumbatia miguu. Sauti ilipomalizia kwamba mashine izimwe inakula stima, wakwe hawakujua kwamba neno lilikuwa limeshakwisha, wakaitikia wote kwa pamoja, Amina.

Kompyuta tuliiacha Tororo. Dada ameiwekea televisheni juu ya boksi lake, na nimeacha kutoa maoni.

Wiki ile ile tuliporudi Busia nilikaa sebuleni na kompyuta nyingine, nimedhamiria kuzifufua kurasa zangu zote za zamani zicheze kwenye simu, kuanzia na bata. Niliweka bidii. Chakula kikaiva, simu ikaflashi, nikasema nakuja. Ikaflashi tena, nikasema nakuja, na sikwenda.

Halafu kutoka jikoni nikasikia, kwa sauti ile ile iliyonilea: "Basi. Zima sasa, hiyo mashine inakula stima."

Mpwa wangu alikuwa amemkatia kipande hicho peke yake, akamwekea kwenye simu yake mahali anapoweza kukigusa bila kutafuta. Nilikaa nimeshika meza. Mama akakigusa tena, kwa sauti ya juu zaidi, na jirani akacheka ng'ambo ya ukuta.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikazima.