Ngamia Aliyejaa Chapa

"Kwani Anti Nthenya, kazi yako ni kudanganya watu?"

Shirleen aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, kinywa kimejaa mandazi, sebuleni kwa jirani yao pale Kitengela. Alikuwa amemsikia baba yake akisema Meja Nthenya hana haja ya bunduki, silaha yake ni propaganda. Mama Shirleen alitamani sakafu immeze. Nthenya alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Hilo swali niwekee," akasema. "Bado niko na sare ya serikali."

Lakini mtoto alipokwenda zake, swali lilibaki likimwasha.

Nthenya Mulinge aliingia jeshini akitaka kuendesha lori. Kilichomponza ni mkono wa kuchora. Kwenye mafunzo alimchora sajini wao akifoka, mishipa ya shingo imetoka kama mizizi, na picha ikazunguka kambi mpaka ikamfikia sajini mwenyewe. Badala ya adhabu, akapelekwa ofisi ndogo ambayo kazi yake ilikuwa maneno: vipeperushi, matangazo ya redio, vipaza sauti, kushawishi watu kabla risasi haijahitajika.

"Wenzako watapiga shabaha," Kanali Githongo, mkuu wa ofisi hiyo, alimwambia. "Wewe utapiga gumzo."

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kaskazini, mpakani. Kisima kilikuwa na njia mbili. Ya mashariki ilikuwa na mabomu yaliyofukiwa na wapiganaji. Ya magharibi wanajeshi walikuwa wameisafisha. Wafugaji walizoea ya mashariki kwa kuwa ni fupi, na kiangazi kilikuwa kimewabana. Nthenya akachora kipeperushi: mfugaji anatabasamu, ngamia amenona, wanashika njia ya magharibi. Ngamia alimnakili kutoka kwenye picha ya kweli, hata chapa ya moto shingoni hakuiacha. Aliionea fahari ile chapa kuliko kitu kingine chochote. Vipeperushi vikamwagwa kutoka kwenye helikopta, vikashuka kama mvua.

Asubuhi yake alikwenda langoni mwa kambi kununua maziwa kwa Ebla, mama ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko maziwa yaliyolala.

"Afande, umeolewa hata hatukuitwa harusini," Ebla alimwambia.

"Nimeolewa na nani?"

"Na wenye ngamia." Akachomoa kipeperushi kapuni; alikuwa amefungia sukari. "Chapa hii ni ya ukoo mmoja tu. Umetangaza kisima ni chao, na njia ni yao. Wengine wamekasirika. Kesho wanapita ile ya zamani, na watoto wao."

Nthenya akakipokea kipeperushi, akakisoma tena. Alikuwa ameyapima maneno ya ile karatasi moja moja, na yote yalikuwa kweli. Ngamia hakuna aliyempima.

Githongo alitaka kutuma kipaza sauti. "Waambie chapa hiyo haina maana."

"Tukisema haina maana, afande, watajua inayo. Niruhusu niende sokoni na rangi."

"Kuchora nini tena? Hujatuchorea ya kutosha?"

Akanung'unika, lakini akampa askari wa kumsindikiza.

Kwenye ukuta wa ghala la soko, Nthenya akachora ngamia mkubwa kama lori, akamwacha bila chapa. Kisha akaketi chini, vipande vya makaa kiganjani. Watu wakasogea. Ebla akatafsiri kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa: afande huyu alichora ngamia bila kumwuliza mwenyewe, sasa anauliza, mwenyewe ni nani?

Halafu jamaa mmoja mrefu akachukua kaa, akaweka chapa ya kwao nunduni. Mwingine hakuvumilia, akaweka yake pajani, kubwa zaidi. Basi ikawa ni kusukumana, huyu anataka shavu, yule amebebwa mabegani afikie sikio. Jua lilipoinama, ngamia hakuwa na mahali pa kukuna.

"Sasa huyu ni wa nani?" mtu akauliza.

"Wa afande," Ebla akasema. "Sisi hatumtaki, ana upele."

Soko zima likaangua kicheko. Kesho yake alfajiri Nthenya alipanda juu ya lori la kambi, ambalo hakuwahi kukabidhiwa ufunguo wake, akakodolea macho upeo. Vumbi liliinuka magharibi. Mashariki palikuwa patupu.

Tangu siku hiyo jeshi likamsomesha, akawa mtafiti wa namna uvumi unavyotembea na kwa nini watu huamini wanachoamini. Alifika cheo cha meja, akastaafu, akarudi Kitengela na brashi zake.

Jumamosi moja mwaka huu alikuwa juu ya ngazi kando ya barabara ya Namanga, akichora ng'ombe kwenye kibao cha duka la maziwa la Nashipae.

"Nashipae, ng'ombe wa ukoo wenu hukatwa alama gani sikioni?"

"Meja, si ni kibao tu? Nani ataangalia sikio?"

"Mashemeji zako wa Isinya."

Nashipae akacheka, akamwonyesha kwa kidole. Shirleen, ambaye siku hizi yuko kidato cha tatu na amempita Nthenya kwa urefu, alikuwa amekuja kununua maziwa. Akasimama chini ya ngazi.

"Anti, sare si ulirudisha? Lile swali langu je?"

Nthenya alimalizia sikio kwanza.

"Kushawishi nimeshawishi, mpaka nikapewa pensheni. Kudanganya, nilidanganya mara moja, kwa mchoro wa ngamia, na hata sikujua. Ndiyo maana unaniona namsumbua mwenye ng'ombe kabla sijachovya brashi."