Kifuniko cha Rejeta

Gari langu lilianza kufoka mwezi ule ule baba alipohamia kwangu Nakuru, na mimi, mjuaji wa kila kitu, sikuyaunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Nikizima injini tu, huko mbele kunaanza: sssss. Mluzi huo unaendelea mpaka niwe nimeshusha mizigo na kufunga geti, kisha unafifia. Kesho yake maji yamepungua kwenye rejeta.

Baba aliendesha malori maisha yake yote. Kwake Mai Mahiu, dereva hapandi mlima bila kufungua boneti na kutazama maji. Mama alipofariki nilikataa abaki peke yake kule, nikamleta kwenye nyumba isiyo na shamba wala ng'ombe, yenye majirani wasiojua salamu. Kazi aliyojipatia ni hiyo moja. Alfajiri, gari likiwa baridi, anajaza maji, anapangusa kioo, halafu anagonga dirisha langu: "Gari yako iko tayari, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na tangu utotoni sijawahi kumsikia akiniita vingine.

Nilipeleka gari kwa fundi. "Mathe, hii ni paipu imechoka," akasema. "Tubadilishe, utaona." Tukabadilisha, nisione chochote. Wa pili alitaka kufungua injini nzima, nikamtolea maneno makali na kuondoka. Niliamini mafundi wote ni wale wale, na kwamba huyo wa kwanza ndiye aliyezidi kuniharibia gari.

Jumapili moja tulialikwa Kabazi, kwa wakwe wa mdogo wangu. Kwetu, baba wa binti haendi kwa wakwe ovyo ovyo. Akienda, anaenda kwa koti, na anapokewa. Walikuwa wamejipanga uani kumsalimia, wanaume mbele, akina mama wakiwa na leso zao bora. Nikazima gari. Kwa vile tulikuwa tumepanda kilima, siku hiyo lilifoka kama lililochokozwa.

"Ala! Mzee amekuja na birika yake ya chai!" akasema baba mkwe wa mdogo wangu, na ua mzima ukacheka. Ulikuwa utani mwema tu. Mimi damu ilinipanda kichwani.

Nilifungua boneti. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya kifuniko cha rejeta. Nikakigusa kwa kijiti, kikacheza. Kifuniko kile kina hatua mbili: ya kwanza kinashika tu, ya pili lazima ukikandamize kwa nguvu ndipo ukigeuze mpaka mwisho. Hiki kilikuwa kimeishia ya kwanza. Injini ikiwa imechemka, maji yalikuwa yakitorokea hapo, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wote. Nikamkumbuka yule fundi wangu, nikapaza sauti watu wote wasikie:

"Ni mjinga gani alifunga hii kitu hivi?"

Baba alikuwa bado ameshikana mkono na mkwe wake.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye huifunga."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu alinitazama, akaingia jikoni. Natamani angenitukana.

Injini ilipopoa, baba alikuja bila kuitwa, akaongeza maji, akaweka kifuniko na kukikandamiza kwa kiganja. Gumba liliteleza. Kifuniko kikageuka kidogo, kikakwama pale pale. Akajaribu tena. "Hizi vidole siku hizi," akasema, kama anayejisemea. Nikakifunga mimi, kwa mkono mmoja, mbele ya wakwe zake. Hata hapo sikuwa na akili ya kujifanya kimenishinda.

Walipompa nafasi aseme neno kwa niaba ya familia, baba yangu, ambaye huwa hanyamazishwi, alishukuru kwa chakula na kuketi. Njiani nilimwomba msamaha. Nikamwambia nilidhani ni fundi, kana kwamba fundi si mtu. "Si kitu," akajibu, akitazama mashamba. Tulipofika nyumbani nikazima gari, nalo likanyamaza kabisa. Nilitamani lifoke.

Asubuhi dirisha halikugongwa. Nilimkuta ameketi kitandani, koti la jana mwilini.

"Baba, gari haijaangaliwa maji."

"Si sasa umejua ugonjwa? Iangalie."

Nilitoka, nikakifungua kifuniko, nikamrudia nacho nikiwa nimekishika kwa mikono miwili. Nikamwambia siendi kazini, gari likae wazi hivyo hivyo mpaka atoke. Akavaa viatu.

Alimimina maji polepole, akaweka kifuniko, akakilalia kwa kiganja. Nikaweka changu juu ya chake. Ngozi yake ilikuwa kavu, na mifupa niliihisi yote. Tukakandamiza, tukageuza mpaka mwisho. Akafunga boneti, akapangusa kioo, upande wangu na upande wake.

"Gari yako iko tayari," akasema.

Nikasimama pale na funguo mkononi, nikingoja aniite mama. Alikuwa ameshaingia ndani.