Hatua za Kuondoka

Kazi niliyoijua vizuri kuliko zote nilipokuwa kijana ilikuwa kuondoka. Nilifundishwa sokoni Garissa, kwenye mbuzi, na adeer wangu, ndugu mdogo wa baba, ambaye alikuwa dalali wa mifugo. Muuzaji anataja bei. Wewe unamtazama mbuzi kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kimoja, kisha unataja yako. Yeye anaapa. Hapo unageuka na kuondoka, polepole, mikono nyuma, na kabla hujafika hatua ya kumi na tano unaitwa. Kila mtu anajua utaitwa: wewe, muuzaji, na nadhani hata mbuzi. Asiyeondoka anaonekana hana adabu, maana amemnyima mwenzake nafasi ya kuita.

Kwa elimu hiyo nikateremka Malindi kutafuta kazi.

Miaka ile ya hamsini mtu wa kwetu hakutoka hivihivi. Wilaya ilikuwa imefungwa; ukitaka kwenda pwani unaomba pasi ofisi ya DC, na pasi ina siku. Yangu ilikuwa ya siku thelathini. Nikipata mwajiri akatia sahihi nyuma ya karatasi, nabaki. Nisipopata, narudi, na adeer alikuwa keshaapa mbele ya mashahidi wawili kwamba nikirudi mikono mitupu atanipeleka Hulugho kuchunga ngamia wake mpaka ndevu zangu ziote mvi. Ndevu zenyewe zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili.

"Ngamia hali watu," adeer aliniambia, akiniaga kwenye lori.

"Yule mweupe amenitemea mate mara nne."

"Amekupenda, mwanangu. Wengine huwatemea mara moja tu."

Malindi niliiona asubuhi, na bahari sikuiogopa, niliidharau. Maji yote yale, na hakuna mnyama hata mmoja anayeweza kuyanywa! Lakini mji niliupenda kwa kichaa. Hoteli zilikuwa zimejipanga ufukweni kama ng'ombe kwenye birika, zimejaa wazungu waliotoka bara kuja kulala juani, jambo ambalo kwetu ni adhabu. Nilizihesabu hoteli kwenda, nikazihesabu kurudi. Sita. Siku thelathini, hoteli sita. Nilicheka peke yangu barabarani.

Hoteli ya kwanza, msimamizi alikuwa mzee wa pwani, kanzu yake nyeupe kama maziwa.

"Unajua kazi gani?"

"Kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Chochote kisichokimbia. Na kikikimbia, nahesabu miguu nagawa kwa nne."

Akatabasamu. "Haya. Utashika vyombo na shuka. Shilingi arobaini kwa mwezi, na chakula."

Wallahi nilitaka kumbusu mkono. Arobaini, na chakula! Lakini nilikuwa mtu aliyelelewa vizuri.

"Sabini," nikasema. "Na Ijumaa yangu."

"Arobaini."

Nikatazama juu, nikashusha pumzi ndefu kwa niaba ya ukoo mzima, nikageuka, nikaondoka. Hatua tano. Kumi. Kwenye kumi na tano nikapunguza mwendo, asije akapata taabu kuniita. Kwenye ishirini nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee, tamu kabisa:

"Anayefuata!"

Nikajua huyo hana malezi. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu walinipa arobaini na tano bila kuombwa, nikaondoka kwa furaha kubwa zaidi na sikuitwa kwa kimya kikubwa zaidi. Hoteli ya tano nilirudi mwenyewe baada ya kusubiri langoni mpaka adhuhuri.

"Umesahau kuniita," nikamwambia msimamizi.

"Nikuite kwa nini?"

"Mimi nimeondoka."

"Nimeona," akasema, na akaendelea kupanga vijiko.

Siku ya ishirini na sita nilimkuta dereva aliyenileta, mtu wa Malindi, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa boneti. Alikuwa akipakia chumvi kupeleka Garissa. Nikamweleza yote, hoteli baada ya hoteli, na idadi ya hatua. Ilibidi aketi juu ya gunia.

"Warya, we kijana! Hoteli zote sita zimekuandika kazi, na wewe umezikataa zote sita?"

"Sikukataa. Niliondoka."

"Ndugu yangu, hapa mtu akiondoka, ameondoka."

Nilisimama na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Nafasi zote zilikuwa zimejaa. Nilihesabu siku zilizobaki: nne. Nikahesabu tena: nne. Njia peke yake ilikula mbili. Nikapanda juu ya chumvi, na huko juu nilianza kumwona yule ngamia mweupe akitayarisha mate.

Mvua ndiyo iliyomzuia ngamia huyo. Tulipokaribia mto, Tana ulikuwa umetoka nje ya kingo zake na barabara haikuonekana. Dereva akakata kushoto, tukafika kwenye loji ya wawindaji: vibanda vinane vya makuti, na mwenyewe mama wa kizungu, mzee, mjane, mrefu, kofia yake imeliwa na mende upande mmoja. Wageni wake walikwama Nairobi kwa sababu ya mvua hiyohiyo.

"Vibanda viko tupu," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Laleni. Mkivunja kitu mtanijengea."

Jamani, kitanda cha springi! Nilikaa, kikanirusha. Nikakaa tena kuhakikisha. Niliruka mpaka nikagusa makuti, nikashuka, nikaingia uvunguni kuhesabu springi: arobaini na nane, mbili zimelegea.

"Tulia wewe, utatujengesha nyumba!" dereva akafoka, huku na yeye, kitanda cha pili, akidundadunda kidogo.

Tulilala siku mbili tukisubiri maji. Pasi yangu ikabaki na siku moja.

Asubuhi ya siku hiyo wachungaji wawili wa kwetu walileta mbuzi jikoni kuuza. Yule mama akatoka. Mchungaji akataja bei. Mama akamtazama mbuzi kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kimoja. Akataja yake. Mchungaji akaapa. Na yule mama, wallahi, akaweka mikono nyuma, akageuka, akaondoka! Hatua kumi na mbili, akaitwa.

Nilimshika dereva bega. "Umeona? Umeona? Anaondoka!"

Baadaye nilijua kwamba marehemu mumewe alinunua ng'ombe Garissa miaka kumi, na yeye ndiye aliyekuwa akipatana. Lakini wakati ule sikungoja historia. Nilimfuata.

"Memsaab, nimehesabu stoo yako: una blanketi thelathini na tisa na daftari lako linasema arobaini na moja. Nataka kazi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Shilingi arobaini."

"Sabini. Na Ijumaa yangu."

Nilikuwa nimejiapiza juu ya ile chumvi: nikitajiwa mshahara tena, mguu hautoki. Niliikaza miguu yangu. Lakini mama akashusha pumzi, akageuka, akaondoka yeye!

Ningefanyaje? Damu ni damu. Miguu yangu ikageuka yenyewe, mikono ikaenda nyuma. Yeye akaelekea barazani, mimi nikaelekea mtoni, na dereva katikati, ameshika kichwa, akigeuka huku na huku.

"Ishirini!" akapiga kelele. "Nyinyi watu! Ishirini na tano!"

Kwenye thelathini makubadhi yaliingia maji. Kwenye thelathini na tano maji yalifika magotini, na mbele hakukuwa na kitu ila Tana wote, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba mti mzima. Nikatoa pasi mfukoni nikaishika juu ya kichwa. Nikamwona ngamia. Nikaona ndevu nyeupe.

"Memsaab!" nikaita. Mara ya kwanza maishani mwangu kuita.

Hakugeuka. "Hamsini na tano, na Ijumaa!"

"Sahihi hapa!" nikajibu, nikirusha maji mbio.

Alitia sahihi juu ya mgongo wa dereva, ambao ulikuwa ukitetemeka kwa kucheka. Akanirudishia karatasi.

"Ungeenda hatua mbili zaidi," akasema, "ningekuita mimi."

Siku hiyohiyo nilihamishwa kutoka kitanda cha springi kwenda kwenye jamvi la wafanyakazi, na sijawahi kulala kwa furaha kama ile.

Maji yalipopungua dereva akaenda Garissa, akarudi baada ya wiki na salamu. Adeer hakuuliza mshahara wala chakula. Aliuliza jambo moja tu: nani aliita?

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimesema nitamjibu safari ijayo."

"Mwambie ni mama aliyeita."

Dereva akatazama mawingu. "Hiyo ni debe moja la asali ya jikoni kwenu."

"Nusu debe."

Akashusha pumzi, akaweka mikono nyuma, akageuka kuelekea lori lake.

Nilimwita kabla hajamaliza hatua ya pili.