Pale Wimbo Unapopanda

Nitasema mapema ili tusidanganyane: yule mwimbaji hakuwa na sauti. Bujumbura nzima ilimpenda, redio ilimpiga asubuhi na jioni, lakini sauti hakuwa nayo. Alikuwa na mkwaruzo. Akipanda juu anakwama, akikwama anakohoa, na watu wanasema, ah, huyu anaimba kwa moyo. Moyo gani? Mapafu yalikuwa yamemshinda.

Sisemi kwa kubahatisha. Nimekulia katika kwaya ya parokia, kule Ngagara, mikononi mwa mwalimu aliyetufundisha solfeji, kuimba kwa kusoma noti, bila huruma. Alikuwa akiwasha mshumaa, anauweka mbele ya mdomo wako, unaimba. Mwali ukitikisika, pumzi yako inavuja, unarudi mwanzo. Mimi niliimba mbele ya mshumaa huo mpaka mwali ukatulia kabisa. Vita vilipoanza, baadhi ya wenzetu walikimbia na wengine walikufa. Tuliobaki tuliendelea kuimba mchana na kumaliza mapema, kila mtu awahi kwao kabla ya saa ya kutotoka nje. Kila kitu kingine nilichokuwa nacho kingeweza kuchomwa moto, ila sauti hiyo.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mambo yake. Alipiga gita katika orkesta iliyotumbuiza Jumapili mchana kwenye baa za ufukweni, Kajaga, na mwimbaji wao ndiye huyo ninayemsema. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, upande wa Kongo, anakaa Buterere katika nyumba ambayo mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa akimleta kwetu kula. Akishaondoka tu, sisi wawili tunaanza ugomvi wetu.

"Uyu mutu haimbe," nilimwambia siku moja. "Anapiga kelele. Kwetu kwenye kwaya angepewa kazi ya kubeba mabenchi."

"Dada, na bale bazungu ba roki kwenye redio, beko na sauti? Moja anakoroma, mwengine anaongelea ndani ya pua. Na dunia muzima inabajua."

"Dunia muzima haina masikio."

Alicheka. Alikuwa na tabia ya kucheka pale unapotaka akasirike. "Mutu hanunue kaseti ju ya sauti," alisema. "Ananunua ule mutu mwenyewe."

Nilimwambia aende akaoge.

Wimbo uliompa yule mwimbaji jina aliutunga mdogo wangu, tena nyumbani kwetu, amekaa kwenye kizingiti cha jiko huku mimi napika. Ulikuwa unamhusu mama anayesimama mlangoni jioni akingoja watoto wake warudi wote. Kuna mahali wimbo ule unapanda ghafla, na hapo mdogo wangu, ambaye mshumaa alikuwa akiuona kanisani tu, alikuwa hafiki. Sauti yake ilianguka chini kidogo ya noti, kila mara, palepale. Mimi kutoka jikoni nilipiga kelele: "Chini! Uko chini!" Anacheka, anarudia, anaanguka tena. Ikawa mchezo wa nyumba. Mama, akiwa sebuleni na nguo zake za kushona, alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

Mwimbaji alijifunza wimbo ule kutoka kinywani mwa mdogo wangu, akauchukua na kosa lake. Kosa likaingia kwenye kaseti, likaingia redioni, na muda si muda mji mzima ukawa unaimba vibaya. Watoto wa mtaa wetu wanarudi shuleni, wanaanguka palepale. Niliumwa na meno kila nilipowasikia, na sikuona ajabu mimi tu kukasirika, kwa sababu nilikuwa mimi tu ninayejua.

Kisha mdogo wangu akauawa. Alikuwa anakwenda milimani kwenye harusi ya binamu yetu, na gari walilopanda lilishambuliwa njiani. Tulimzika haraka, kama watu walivyozikwa miaka ile, nusu ya ndugu hawakuweza hata kufika.

Mama hakulia. Siku ya mazishi hakulia, na mwaka mzima uliofuata hakulia. Alipika, alikwenda misa, alisimama mlangoni jioni kwa mazoea. Nguo ya kushona aliiweka mapajani, na jioni aliikunja ikiwa vilevile. Wanawake wa parokia walianza kunong'ona kwamba akili yake itamtoka.

Na siku ya kuganduka ilikuwa inakuja. Kwetu, mwaka ukiisha, ndugu na majirani wanakusanyika, mkubwa wa ukoo anasema maneno ya kuondoa matanga, watu wanakunywa pombe ya mtama kwenye mtungi mmoja, na hapo msiba umefungwa. Baada ya siku hiyo marehemu haliliwi tena. Asiyelia mpaka hapo amechelewa, na sote nyumbani tulijua ni nani tunayemwogopea.

Mama alitaka mwimbaji aitwe aje kuimba wimbo wa mwanawe. Mimi nilikataa.

"Mama, ataimba mubaya mbele ya batu bote."

"Aimbe vile anaimbaka."

"Lakini ile wimbo mi naijua. Mi njo nilikuwa pale akiitunga."

"Na weye utaimba," mama alisema. "Nyuma yake."

Niliona zamu hiyo, baada yake, inanitosha. Nilitaka, walau mara moja, kabla hatujamwacha aende, wimbo wa mdogo wangu uimbwe sawasawa. Nilikuwa namdai Mungu hilo tu.

Mwimbaji alifika mchana na gita la kuazima, amekonda, ana mafua juu ya ule mkwaruzo. Alisimama chini ya turubai uani kwetu, akaanza. Ubeti wa pili aliusahau, akarudia wa kwanza. Niliwatazama watu, nikisubiri waone. Halafu akafika pale wimbo unapopanda, akaanguka. Hakuanguka kwa mtindo wake. Alianguka palepale na vilevile alivyokuwa akianguka mdogo wangu kwenye kizingiti cha jiko.

Mama aliweka mkono mdomoni. Kisha akasema, "Ni yeye! Mutoto yangu, njo yeye!" na kilio kikamtoka, mwaka mzima wa kilio kwa mara moja. Wanawake walimkumbatia wakilia. Wanaume waliinama. Mwimbaji mwenyewe alilia na hakumaliza.

Zamu yangu ikafika. Hakuna aliyeniambia nikae, na laiti angekuwepo. Nilisimama, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikaimba. Beti zote, maneno yote. Palipopanda nilipanda, safi, bila kupungua hata unywele. Watu waliacha kulia ili wasikilize. Mama alijifuta uso kwa kitenge, akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

Nilipomaliza, mtu wa nyuma alipiga makofi, na wengine wakafuata. Makofi, kwenye matanga! Shangazi mmoja alinishika mkono: "Asante, umeimba muzuri sana." Nimetukanwa mara nyingi maishani, na makofi yale ndiyo tusi ninalolikumbuka. Baba mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akasimama, akasema maneno yake, mtungi ukafunuliwa, msiba ukafungwa.

Asubuhi iliyofuata mama alivaa kitenge cha maua akafagia ua. Mimi nilikuwa jikoni naosha glasi. Redio ya jirani ikauleta wimbo, mkwaruzo uleule, nao ukaja, ukaja, mpaka pale unapopanda. Mdomo wangu ulifunguka kabla sijajua: "Chini! Uko chini!"

Nikasubiri acheke.

Glasi niliiacha kwenye maji, nikakaa kwenye kizingiti, nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti inayokwaruza na kukatika, pumzi yote inavuja. Mama aliweka ufagio chini, akaja, akanishika kichwa.

"Nyamaza, mutoto yangu," aliniambia. "Tuliganduka jana."