Mwalimu Aliyekatazwa Maji

Kwa miaka thelathini na moja alifundisha kemia, na kila mwaka alianza na maji. Aliweka sarafu mezani, akadondosha tone juu ya tone mpaka maji yakavimba kama mgongo wa kobe bila kumwagika, halafu akauliza, "Nani anayashika?" Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Tone, likamganda hata alipostaafu.

Kisha figo zake zikafa. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, alilala hospitalini na sindano mbili mkononi, damu ikitoka na kurudi kupitia mashine ya kuisafisha. Harusi ya mpwa wake ilimpita, maana safari ilitaka siku nne. Nyumbani, binti yake alimpimia maji: nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humo humo.

"Mama, nimesikia mlango wa friji!"

"Natafuta limau."

"Limau lina maji."

"Hata wewe una maji, mbona sijakufukuza?"

Mzaha ulikuwa wa kufunikia tu. Kiu ilimkaa kooni kutwa kucha, na kujua sababu ya katazo hakukumpunguzia kitu. Kila chembe ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi. Ndiyo maana chembe hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana huivamia chumvi, zikaitenganisha na kuibeba. Bila tabia hiyo damu isingefikisha chumvi wala sukari popote, na hakuna kiumbe ambacho kingeishi. Ila maji hayachagui mzigo. Sumu nayo huibeba, na mwilini mwake sumu na maji yenyewe havikuwa na mlango wa kutokea ila ule wa mashine.

Jumatatu moja, baada ya mvua kubwa, alikuwa akinawa mkono kwenye sinki la wodi kabla ya kuchomwa sindano. Bomba lilinuka klorini, dawa ambayo huzidishwa mvua ikichafua maji, mpaka macho yakamwasha. Akashtuka. Mashine hutumia zaidi ya lita mia za maji ya bomba yaliyosafishwa kwa kila mgonjwa, na yanatenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Chujio la mkaa ndilo hunasa klorini. Ikipenya, hupasua chembe nyekundu za damu.

"Umepima maji leo?" akamuuliza fundi wa mashine.

"Nilipima juzi, Mama. Hayana neno."

"Juzi mvua ilikuwa haijanyesha. Pima tena."

"Kuna watu saba wanasubiri."

"Basi tutasubiri wanane."

Fundi akaenda akinung'unika. Aliporudi alishika kichupa, na maji ndani yake yamegeuka rangi ya waridi, ishara kwamba klorini imepenya chujio. Akamwambia nesi asimchome mtu yeyote.

"Samahani, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Ningewamaliza."

Chujio jipya lingefika Jumatano. Wakarudishwa nyumbani, na hakuna aliyemshukuru. Dereva wa lori aliyezoea kulala kitanda cha jirani alimpita mlangoni akisema, "Wewe na pua yako!"

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Miguu ilivimba kwa maji, viatu vikakataa kuingia. Akilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo alishinda kitini, mito mgongoni. Binti akapunguza maji yakawa robo lita.

"Kwa hiyo nimeokoka ili nizame humu humu ndani?" akauliza.

Binti akaenda kwenye friji. Akamletea kipande cha barafu akinyonye, akakaa naye mpaka kikaisha.

Jumatano fundi alipima mbele yao wote, akakiinua kichupa dirishani. Maji yalikuwa meupe. Mashine ikamtoa lita nne za maji, na pumzi ikamrudia kidogo kidogo.

"Hivi," dereva akauliza bila kumtazama, "hiyo klorini ingetufanya nini?"

Mwalimu akaanza kumweleza, taratibu, tangu mwanzo. Wote wawili hawakuwa na pa kwenda.